Mafuta ya Udongo kwa Mwili wa Moto

“Vua shati, mpenzi.”

“Sivui.”

“Vua kidogo tu, mpaka mabegani.”

“Nimesema sivui.”

Wanawake kumi na wanne waliokaa kwenye viti vya plastiki wakaangua kicheko. Tone naye akacheka, chupa ya mafuta kaiinua juu kama mwalimu aliyeshika chaki. Koti lake jeupe la kazi alilipiga pasi mara mbili asubuhi hiyo, na kifuani alibandika beji yenye maneno mawili: TONE. HEWA. Tone ni jina la utani alilopewa chuoni kwa tabia yake ya kuhesabu matone kwa sauti. Hewa ndiyo namna ya mwili wake.

“Mnamwona shemeji yenu?” aliwaambia wateja. “Huyu ndiye Udongo halisi. Mpole, hana papara. Hata shati lazima abembelezwe.”

“Tukusaidie kumbembeleza?” akadakia mmoja wa nyuma.

“Ukae mbali, dada. Zimebaki wiki tatu tu nimweke ndani.”

Kicheko tena. Fundi hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya duka, shati la mikono mirefu limefungwa hadi kifungo cha juu, jasho jembamba likimtiririka kwenye paji la uso. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani, za wauza nyama, za masonara, hata za zahanati. Mwaka mmoja uliopita aliingia humo kurekebisha mizani ndogo ya kupimia mafuta, akaiacha mizani imepona na yeye mwenyewe ameugua. Hivyo ndivyo Tone alivyopenda kuwasimulia watu.

Duka lilikuwa la mama yake mkubwa, Mamkubwa kwa kifupi, mwanamke mnene wa sauti na mwembamba wa subira. Waliuza mafuta ya kunukia kwa kufuata Ayurveda, elimu ya kale ya Kihindi inayosema kila mtu ana mwili wa namna yake: vata, pitta au kapha. Dukani waliwarahisishia wateja, wakasema Hewa, Moto na Udongo. Mtu wa Hewa ana mikono baridi, usingizi mwepesi na mawazo yanayokimbizana. Huyo hupashwa joto kwa mdalasini na machungwa ndani ya mafuta ya ufuta. Mtu wa Moto hutoka jasho upesi, hukasirika upesi, na saa sita ikimkuta hajala, usimsemeshe. Huyo hupoozwa kwa waridi na mnanaa ndani ya mafuta ya nazi. Udongo ni mtu wa polepole, mzito wa kuamka, asiyechemka ovyo. Huyo huchangamshwa kwa karafuu, tangawizi na mkaratusi.

Na juu ya kaunta lilitundikwa bango lililowaleta wateja kuliko mafuta yenyewe: NANI KWA NANI. Hewa na Udongo, nyumba itasimama. Hewa na Moto, nyumba itaungua. Moto na Moto, hata majivu hamtayaona.

“Sikilizeni fomu yake,” Tone alisema, akifungua faili. “Maswali ishirini na moja. Usingizi? ‘Nalala kama gogo.’ Njaa? ‘Nisipokula hata sikumbuki.’ Lakini lililonimaliza ni hili la mwisho. Ukimkosea mtu, unafanyaje? Akajibu: ‘Naomba msamaha bila haraka.’”

“Aaaah!” likaitika duka zima.

“Tone,” Fundi alisema kwa sauti ya chini. “Tuishie hapo. Nakuomba.”

“Tuishie wapi?” Mamkubwa alikuwa ameshafika nyuma yake. “Watu wameacha shughuli zao, wewe unalinda kifungo?”

Akaushika ukosi wa shati, akauvuta.

Kifungo kiliruka, kikadunda sakafuni, kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mteja wa mstari wa mbele. Hakuna aliyekiokota. Kutoka shingoni hadi mabegani ngozi ya Fundi ilikuwa nyekundu, imebabuka, imejaa vipele vilivyokunwa mpaka vikatoa maji. Juu yake palipakwa krimu nyeupe, ile ya hospitali, iliyoanza kuyeyuka kwa jasho.

Tone akalifunga faili.

Mteja wa mstari wa mbele alikuwa mwalimu wa chekechea. Miezi mitano nyuma alisimama mbele ya bango lile akiwa na fomu mbili mkononi, yake na ya mchumba wake, zote za Moto. Kesho yake alimrudishia mchumba pete.

“Tone,” Mwalimu aliuliza taratibu, “kwani fomu inaweza kukosea?”

Vichwa vyote vikamgeukia Tone.

“Ni sabuni!” Mamkubwa alipiga makofi mawili. “Sabuni za kufulia za siku hizi ni sumu tupu. Si ndiyo, Tone? Waambie wenzako.”

Fundi alikuwa ameshainuka, ameshikilia shati kwa mkono mmoja, yuko mlangoni. Aligeuka akamtazama mchumba wake. Alisubiri neno moja tu.

“Ndiyo,” Tone alisema. “Ni sabuni.”

Fundi akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyesoma mizani akakuta namba aliyoiogopa. Akatoka.

*

Wateja walipoondoka, Tone alijifungia stoo, katikati ya maboksi ya chupa tupu. Alimpigia Fundi mara sita. Mara ya saba simu iliita ikakatwa. Akaandika:

“Mpenzi, nilibabaika. Sikujua niseme nini mbele za watu. Tuongee.”

Jibu lilikuja baada ya nusu saa. Neno moja.

“Sabuni.”

Alilisoma mpaka likapoteza maana. Kisha simu ikaita. Alikuwa wifi yake, dada yake Fundi, nesi asiyejua kuzunguka maneno.

“Wifi, nikuulize kitu, na usinipe mafumbo.”

“Uliza, wifi.”

“Unampaka nini kaka yangu?”

“Mafuta yake. Karafuu, tangawizi, mkaratusi.”

“Matone mangapi?”

Tone akahesabu moyoni. Wateja aliwawekea matone sita kwa vijiko viwili vya mafuta ya kubebea, yale ya nazi au ufuta ya kuzimulia. Kwa Fundi aliweka kumi na mawili. Aliongeza kwa mapenzi, kama mtu anayemwongezea mpenzi wake mchuzi.

“Kumi na mawili,” alisema.

“Na ulimjaribu kwanza? Tone moja mkononi, halafu mnasubiri siku nzima? Si ndivyo mnavyofanya na wateja?”

“Wateja wote nawajaribu.”

“Sijauliza wateja.”

“Yeye sikumjaribu, wifi.”

“Haya. Sasa nikwambie nisichokielewa mimi. Ana miezi saba anajikuna. Asubuhi anapaka krimu yangu, jioni anapaka mafuta yako. Nikamwambia, kaka, acha hayo mafuta, utachunika kama mbuzi. Ananiambia, ‘Nikiacha, atajua.’ Atajua nini, wifi? Maana mimi nauguza watu, si mabubu wanaoficha siri.”

“Sijui.”

“Basi kajue. Na hiyo sabuni mliyoisema leo mbele za watu, hapo nyumbani ninayefua ni mimi. Kwaheri.”

Tone akarudi kaunta akalifungua faili. Ile fomu aliijua kwa moyo, lakini alikuwa hajaitazama kwa macho ya kazi. Ina safu tatu. Ya kwanza ni Hewa, ya pili Moto, ya tatu Udongo. Mtu wa kawaida huruka huku na huku, kumi hapa, saba pale. Tiki za Fundi zilikuwa ishirini na moja, zote safu ya tatu, zimenyooka juu hadi chini kama siafu wanaohama.

Hakuna binadamu anayejaza hivyo. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angecheka.

Na yeye aliiona tangu siku ile. Hilo ndilo lililomfanya aketi chini, pale pale sakafuni nyuma ya kaunta, akijifunika uso kwa koti lake jeupe. Aliiona fomu, akauona na mkono wa yule kijana, wa moto kama umetoka kwenye pasi. Aliyaona macho yaliyoiva wekundu saa sita mchana kwa njaa. Chuoni walifundishwa kwamba fomu ni maneno tu, ushahidi ni mwili: mshike mtu mkono, mtazame ulimi, ndipo uchague mafuta. Yeye aliushika ule mkono kama mchumba. Kama mchanganyaji mafuta hakuushika hata siku moja.

“Umekalia nini huko chini?” Mamkubwa alisimama juu yake.

“Mamkubwa, lile bango halimo kitabuni.”

“Bango gani?”

“Nani kwa Nani. Nililitunga.”

Mamkubwa akalitazama bango, akamtazama binti wa mdogo wake. “Ulilitunga lini?”

“Mwaka juzi, zile chupa za Udongo zilipogoma kutoka. Hakuna mtu aliyetaka kuambiwa ni Udongo, wanaona kama unawaita wazito. Nikakaa hapa jioni moja na kalamu za rangi, huku namenya machungwa. Nikaandika kwamba mwanamke wa Hewa anatulia kwa mwanamume wa Udongo. Wiki mbili chupa zikaisha. Kitabu kinasema nani apakwe nini, basi. Hakisemi nani aolewe na nani.”

“Kitabuni halimo, ukutani limo,” Mamkubwa alisema. “Wateja wanasoma ukuta.”

“Fundi naye aliusoma, Mamkubwa. Ndiyo maana akajaza vile.”

“Basi kijana ana akili. Osha uso. Jumatatu tunafungua kama kawaida, na ukiulizwa, ni sabuni.”

Tone aliosha uso. Kisha akapanda kigoda, kile kile alichokalia Fundi, akalibandua bango. Gundi iling'ang'ania, likatoka vipande vipande, na kipande cha mwisho kilichobaki ukutani kiliandikwa *itaungua*. Alikikwangua kwa ukucha.

“Unanifungia duka!” Mamkubwa alipiga kelele.

“Nisamehe, Mamkubwa.”

“Msamaha wako nitautia kwenye chupa niuze?”

*

Jumatatu asubuhi, kabla hajapoteza ujasiri, alimpigia mwalimu wa chekechea. Nyuma ya simu zilisikika sauti za watoto wakiimba namba.

“Mwalimu, samahani nakusumbua kazini. Uliniuliza kama fomu inaweza kukosea.”

“Nilikuuliza.”

“Inaweza. Lakini kwako fomu haikukosea. Bango ndilo lililokuwa la uongo. Nililitunga mimi, kuuza chupa. Hakuna popote palipoandikwa kwamba Moto na Moto hawawezi kukaa nyumba moja.”

Watoto waliimba mpaka kumi, wakaanza upya.

“Mwalimu? Nakuomba msamaha. Kama inafaa, nitampigia na yule mchumba wako, nimweleze kwamba...”

“Alioa mwezi uliopita.”

Tone akaishika kaunta.

“Sikujua,” alisema. “Mungu wangu, sikujua. Nisamehe.”

“Nina watoto ishirini hapa, kila mmoja kamba za viatu zimefunguka,” Mwalimu alisema. Sauti yake haikutetemeka, ilikuwa kavu tu. “Sina la kukwambia leo. Labda siku nyingine. Labda nisiwe nalo hata siku nyingine.”

Simu ikakatwa.

Tone alibaki ameishika sikioni. Kabla ya hapo alidhani aibu ni kuonekana na watu. Dukani hapakuwa na mtu hata mmoja, na aibu ilikuwa imemkaa kifuani.

Akachukua mkoba. Ndani yake akaweka chupa moja, fomu moja tupu na ile ya zamani.

*

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati uliofunguliwa wazi. Mizani zilipangwa kila mahali, nyingine zimefunuliwa matumbo, na kwenye rafu mawe ya kupimia yamejipanga kutoka dogo la punje hadi kubwa la kumvunja mtu kidole. Muuza nyama mmoja, aproni bado kiunoni, alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akisubiri mizani yake.

Fundi hakuinua kichwa.

“Nina mteja,” alisema.

“Nitasubiri.”

“Aah, msinisubiri mimi,” muuza nyama alisema. “Ongeeni tu, shemeji. Mimi sisikii vizuri sikio hili.”

“Na lile jingine?” Fundi aliuliza.

“Lile linasikia. Lakini halina mdomo.”

Tone alibaki amesimama. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, yakamkimbia yote kama kawaida ya watu wa Hewa.

“Nilisema sabuni,” alianza. “Ulinitazama, ukanisubiri, nikakuuza mbele ya watu kumi na wanne. Nisamehe.”

Bisibisi ikazunguka.

“Sikukujaribu mkononi kabla ya kukupaka. Ningemfanyia hivyo mteja, ningefukuzwa kazi. Nisamehe. Nikakuwekea matone mara mbili, nikidhani nakupenda zaidi. Nisamehe kwa hilo pia.”

“Umemaliza?”

“Bado. Fomu yako niliijua ni ya uongo tangu siku ya kwanza.”

Bisibisi ikasimama. Fundi akainua kichwa.

“Ulijua?”

“Nilijua nikakataa kujua. Tiki ishirini na moja, zote safu ya tatu. Mikono yako inachoma. Saa sita unakuwa kama simba. Nilitaka uwe Udongo kwa sababu bango lilisema wewe ndiye utakayenifaa.”

“Na mimi niliongopa kwa sababu ya bango hilo hilo,” Fundi alisema. “Siku ile nimekuja na begi langu la bisibisi, nikaona beji yako, Hewa. Nikainua macho, nikasoma ukuta. Hewa na Moto, nyumba itaungua. Nikajisemea, kumbe huyu dada nimemkosa hata jina sijamuuliza. Nikaomba fomu. Maswali yenyewe sikuyasoma hata moja. Niliona juu ya safu ya tatu pameandikwa U, nikashuka nayo moja kwa moja.”

“Hukusoma hata lile la mwisho?”

“Nililisikia Jumamosi, ulipowasomea wale wanawake. Nikashangaa, huyo mtu mpole hivyo ni nani.”

Muuza nyama akakohoa kuficha kicheko.

“Kwa nini hukuacha kupaka?” Tone aliuliza. “Miezi saba! Ungemwaga tu chooni, ukaniambia unapaka.”

“Ukinikumbatia si ulikuwa unanusa shingo yangu? ‘Umepaka leo? Eeh, umepaka, mume wangu mzuri.’ Ningemwaga vipi? Nilikuwa nalala nimekaa. Asubuhi naamka kama nimekaangwa, nakuja kwako natembea polepole. Unadhani ule ulikuwa upole? Shati lilikuwa linaniuma.”

Tone akajiziba mdomo. Alikumbuka alivyowaambia wateja wote: mwangalieni anavyotembea, hana haraka huyu.

“Kuna moja limebaki,” alisema. “Bango. Halimo kitabuni. Nililitunga mimi.”

“Ulilitunga.”

“Jioni moja. Kuuza chupa.”

“Ulilitunga?”

Sauti ile Tone hakuwahi kuisikia. Fundi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, jiwe la mizani likagonga meza likaruka. Muuza nyama akainua miguu.

“Mimi naungua miezi saba! Nimejifunza kula taratibu, njaa inaniua, nasema ‘niko sawa, mpenzi’! Mamkubwa wako ameniita bwege mbele yangu nikatabasamu! Nimemeza matusi ya watu barabarani ili nionekane Udongo! Kumbe kitu chenyewe umekitunga? Ulikuwa unafanya nini ulipokitunga, hebu niambie!”

“Nilikuwa nakula machungwa,” Tone alisema kwa sauti ndogo.

“Machungwa!” Fundi akapiga ngumi mezani, mizani zote zikatikisika mishale. “Nimechunika ngozi kwa machungwa!”

Tone aligundua kitu kilichomshangaza: hakuwa na hofu naye. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuwa anamwona. Shingo imevimba mishipa, macho yamewaka, mikono inazungumza yenyewe. Huyu ndiye. Yule mpole ambaye yeye alikuwa anamnusa shingo kila jioni alikuwa mgeni.

“Umekula?” aliuliza.

“Nini?”

“Saa saba hii. Umekula?”

Fundi akakiinua kiti kilichoanguka. Hasira zikamshuka kwa namna zilivyopanda, kwa mkupuo mmoja.

“Sijala,” alisema.

Muuza nyama, bila kuulizwa, akatoa mkate kwenye mfuko wake, akaukata nusu, akauweka mezani. Fundi akaula amesimama, kwa matonge makubwa, bila kujificha. Tone akasubiri ameze.

“Vua shati,” alisema.

“Mlango uko wazi.”

“Najua. Sitakuvua mimi. Nimekuomba tu.”

Fundi akavua. Tone akaitazama ile ngozi yote, mgongo na mabega, hakugeuza uso. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

“Hutapaka chochote chenye harufu mpaka wifi aseme umepona,” alisema. “Endelea na krimu yake. Hii ni nazi tupu, ya ngozi ikishapona. Siku hiyo nitakuja na waridi, nitadondosha tone moja ndani ya nazi, nikupake hapa kwenye mkono, tukae siku nzima tunautazama. Ukiwasha, tunaacha. Sitakuchagulia tena kitu kwa kukukisia.”

“Kwani ni wewe peke yako uliyekisia?” Fundi alisema. “Mizani ikidanganya upande mmoja, huwa naigundua upesi. Ya kwetu ilidanganya pande zote mbili. Ndiyo maana ikakaa sawa mwaka mzima.”

Tone akatoa ile fomu tupu, akaiweka kati ya bisibisi na mkate, akachukua kalamu iliyokuwa nyuma ya sikio la Fundi.

“Nitakusomea. Jibu ukweli. Usingizi?”

“Nalala nikiwa nimeshinda ubishi. Nikishindwa, silali.”

“Safu ya pili. Jasho?”

“Unaniona.”

“Ya pili. Njaa?”

“Uliza huo mkate.”

“Mkate wangu,” muuza nyama alisahihisha.

Wakaenda hivyo, swali kwa swali. Tone aliweka tiki, akagundua kwamba anatabasamu huku amevimba macho. Tiki ziliruka kidogo, mbili zikaangukia Hewa, moja, kwa mshangao wa wote, ikaangukia Udongo. Nyingine zote zilikuwa katikati.

“La mwisho,” alisema, na kalamu ikasita. “Ukimkosea mtu, unafanyaje? Safu ya kwanza: Naomba msamaha tena na tena. Safu ya pili: Siombi, nina sababu zangu. Safu ya tatu: Naomba msamaha bila haraka.”

“Wewe ni ya kwanza,” Fundi alisema. “Tangu uingie nimekuhesabia mara tatu, na Jumamosi usiku ujumbe tisa.”

“Na nikutazamapo mgongo nataka kuanza upya.” Tone alifuta uso kwa mkono wa koti. “Nimemwomba Mamkubwa, nimemwomba Mwalimu, nimekuomba wewe. Nimechoka kuwa peke yangu kwenye hii aibu. Umenidanganya mwaka mzima, Fundi. Umenifanya nisimjue mtu ninayeolewa naye. Niombe msamaha, hata mara moja, twende tukamwambie Mamkubwa harusi ipo.”

Fundi akavaa shati, akaacha vifungo vyote vya juu wazi, mtu yeyote apitaye barabarani aone vipele. Akairudisha mizani ya muuza nyama mezani, akachukua bisibisi.

“Omba, bwana,” muuza nyama alinong'ona. “Nyama yangu iko juani.”

“Harusi ipo,” Fundi alisema. “Vipele vitapona. Mizani ya huyu bwana naimaliza sasa hivi, na jioni naenda mwenyewe kumwambia Mamkubwa kwamba binti yake anaolewa na Moto, atafute maji. Lakini ningejaza ukweli siku ile, ungenipa chupa ya waridi na kunifungulia mlango niende zangu. Mara mia ningerudi pale, mara mia ningeshuka na safu ya tatu. Siombi msamaha, Tone. Siombi leo, sitaomba kesho. Weka tiki hapo katikati.”